Kizibo cha Mwisho cha Mzee Galgalo

Kama umewahi kufunga mlango, ukafika barabarani, kisha moyo ukakurudisha kuutikisa tena, keti karibu nami. Wale wengine waende zao, maana watanicheka bure. Mimi nimetikisa kufuli ya karakana yangu hapa Isiolo tangu miaka ya sabini, na mke wangu, Mama Kendi, husema kufuli hiyo ingekuwa mbuzi ingeshakufa kwa kukamuliwa. Sikatai. Nilizaliwa na wasiwasi kule Meru, nikateremka nao mlima pamoja na randa na msumeno, na tumezeeka pamoja.

Nyinyi vijana mnaojifunza useremala huniuliza, "Mzee Kirimi, kazi gani ilikutoa jasho zaidi?" Mnadhani nitataja milango ya maduka, au vitanda vya bweni, au lile jeneza la bwana mnene ambalo halikupita mlangoni ikabidi tulitoe kwa dirisha. Hizo zilikuwa kazi tu. Iliyonikosesha usingizi ni ndege. Ndege moja ya mbao, mfano wa zile za zamani zilizofanya doria baharini, niliyoitengeneza mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika mji ambao mto wake ukikauka unauvuka kwa kandambili.

Aliyeitaka alikuwa Mzee Galgalo, Mborana wa Korbesa, kijiji cha wafugaji mbali na mji, aliyekuwa akikaa kwa binti yake Halima pale mtaa wa Kiwanjani. Halima aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Ndiye aliyemwongoza baba yake kwa fimbo, yeye ameshika ncha moja na mzee ncha nyingine, kwa sababu macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Waliingia nikiwa nimeinamia mguu wa meza.

"Salaam aleikum. Wewe ndio Fundi Kirimi?"

"Ndio mimi, Mzee. Karibu."

"Nataka unitengenezee ndege. Ile ya kushuka kwa maji."

Nilimtazama Halima nikingoja acheke. Hakucheka.

"Mzee, mimi natengeneza viti," nikasema.

"Kiti iko na miguu nne. Hii haina hata moja. Ni rahisi."

Akaketi, akanieleza. Wakati wa vita vikuu vya pili, akiwa kijana, aliteremka pwani na ng'ombe wa jeshi, ng'ombe wakaliwa, yeye akabaki. Alipewa kazi ya kuosha ndege zilizokuwa zikizunguka juu ya bahari kutafuta meli za adui zinazoogelea chini ya maji. Kila ndege ilikuwa na tumbo la mashua, akasema, na bawa moja refu lililokaa juu kama paa la banda lenye nguzo moja. Injini mbili zilikuwa juu ya bawa, na ubavuni kulikuwa na vioo viwili vilivyovimba kama macho ya chura. Na chini ya tumbo, vizibo.

"Vizibo ndio muhimu, Fundi. Zifunguke na zifungwe kweli. Ukikosea kichwa nitakusamehe. Usikosee vizibo."

Sikuuliza kwa nini. Fundi akianza kuuliza watu kwa nini wanataka vitu, atalala njaa. Huuliza lini.

"Kabla ya mvua," Halima akajibu, akimwita baba yake Aba, kama Waborana wanavyoita. "Aba anarudi Korbesa kukaa. Mvua ikinyesha, lori haipiti tena."

Mdomo wangu ukasema ndiyo kabla kichwa hakijapata nafasi ya kukataa. Walipoondoka niliketi juu ya meza ileile niliyokuwa nikiitengeneza, mguu ukatoka.

Siku hizi mngetoa simu mfukoni mkaiona ndege yenyewe kutoka kila upande. Mimi sikuwa na picha. Niliuliza walimu, niliuliza wenye maduka ya vitabu, hakuna aliyekuwa nayo. Nilipomwuliza mzee ilikuwa kubwa kiasi gani, alisema, "Sina maneno ya hiyo. Nitakuonyesha na miguu."

Tukaenda kwenye uwanja mtupu pale Kiwanjani, si mbali na kiwanja cha ndege. Mzee alitembea mbele, Halima ameshika fimbo, mimi nyuma na kamba na mawe. Alikuwa ameiosha ndege ile asubuhi nyingi mno hata nyayo zake zilijua inaanzia wapi na inaishia wapi. Alikuwa akisimama ghafla, anageuza uso kama anayenusa, kisha anasema, "Hapa injini," nami naweka jiwe. Kabla jua halijafika utosini kulikuwa na ndege nzima imelala chini, na mbuzi wanakatiza juu ya bawa lake kwenda malishoni.

Watu wakaja, mnawajua watu wa mji huu. Mmoja akauliza kama ni msikiti unajengwa, akaanza kutoa dua. Mwingine akalalamika kwamba mkia umeingia kwenye ploti yake. Kisha akaja sajini wa polisi. Ulikuwa mwaka ambao wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali, na mtu mwenye akili zake hakutaja neno ndege mbele ya askari.

"Hii ni nini?"

"Ni... ni msingi, Afande."

"Msingi ya nini?"

Mzee Galgalo, ambaye hakuiona sare wala bunduki, akajibu kwa niaba yangu. "Msingi ya ndege. Na wewe umesimama kwa bawa. Toka."

Sajini akatazama viatu vyake, akarudi nyuma akatoka kwenye bawa. Alipogundua alichofanya alikasirika, na hasira akazileta kwangu. "Wewe Mmeru, nani amekutuma kuchora ndege karibu na kiwanja?"

Halima akasogea katikati yetu. "Afande, baba yangu aliosha hii ndege wakati ya vita. Sasa haoni. Anataka kuishika tu na mikono. Kama ni makosa, andika jina yangu."

Yule sajini alizunguka ndege yote, kichwa mpaka mkia, polepole, akijihadhari asiyakanyage mawe. Akauliza rubani alikuwa anakaa wapi. Mzee akamwonyesha. Akasimama hapo kidogo akitazama mbele, kisha akatuamuru tuondoe mawe yote kabla ya swala ya magharibi, akaenda zake. Nilianza kuyaondoa kwa kasi hata nikakaribia kusahau kupima.

Nilipima kwa njia niliyoijua. Kila hatua moja ya mzee niliigeuza kuwa upana wa vidole vyangu viwili, nikafunga fundo kwenye kamba. Bawa likaja urefu wa kitanda, karibu. Mkipunguza kitu, chagueni kipimo kimoja mkishike mpaka mwisho, na kama ni vidole, viwe vya mtu mmoja. Nimeona kabati lililoanzwa na fundi mwembamba likamaliziwa na fundi mnene, na milango yake haijakutana mpaka leo.

Hapa lazima nimtaje Fundi Yusuf, Msomali aliyenipa benchi yangu ya kwanza nilipofika mji huu sijui kitu. Alikuwa ameshakufa wakati wa mambo ya ndege, lakini sauti yake haikuacha kunisumbua. "Mbao ni mgeni," alikuwa akisema. "Mgeni huulizi shida yake kabla hajakunywa chai." Maana yake ni hii: mbao ya Meru hushuka ikiwa na maji ya mlimani tumboni. Hapa Isiolo joto huyanyonya, na ukiifanyia kazi kabla haijazoea, itapasuka mikononi mwako. Iache kivulini. Kila siku igonge kwa konzi ya kidole na uisikilize. Ikiwa bado mbichi itasema dup, kama mtu aliyeshiba. Ikikauka itasema ko. Ikisema ko, anza.

Miaka yote nilimtii. Lakini safari hii mawingu yalikuwa yamekaa upande wa Meru, na Mzee Galgalo alikuwa akija kila jioni kuuliza. Nikachukua gogo la mlimani lililosema dup, nikajifanya kiziwi. Nikachonga tumbo la ndege, zito, lililojaa, zuri kwa macho. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilipona, tumbo halikupona. Mchana mmoja nikiwa nakula githeri nilisikia mlio kama wa risasi, nami kwa kumkumbuka yule sajini nikaingia chini ya benchi na sahani yangu. Nilipotoka, tumbo la ndege lilikuwa limefunguka kutoka puani hadi mkiani.

Bawa nalo lilikuwa na ufa mdogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hawakusema uuzibe kwa nguvu kiasi gani. Halima, alipopita na jerikeni yake ya maziwa, aliutazama akasema, "Chombo ya maziwa ikipasuka sisi tunashona na ngozi mbichi. Unalowesha, unafunga, ikikauka inavuta." Nikashukuru mbinguni. Nikatafuta ngozi, nikalowesha, nikafunga bawa huku nimelikanyaga kwa goti na kuvuta kwa meno, nikalianika juani. Jioni nilikuta limepinda kama upinde wa kuwindia.

Halima alicheka mpaka akaweka jerikeni chini. "Fundi! Ngozi mbichi inafungwa legevu! Kukaza ni kazi yake, si yako. Wewe umefunga kama ngamia mkaidi!"

Alipomaliza kucheka aliniona nilivyokaa, mikono kichwani, tumbo limepasuka huku na bawa limepinda kule. Nikamwuliza kwa uchungu, "Lakini Halima, mzee anataka ndege ya nini? Si nimchongee fimbo nzuri aende nayo nyumbani?"

Hapo akaniambia. Tangu akiwa mtoto Korbesa, alimwona baba yake akifunga lango la boma la ngamia, akienda kulala, kisha anaamka kulikagua. Analala, anaamka. Miiba imekaa vizuri, lango limefungwa, lakini anaamka tena mpaka alfajiri. Hapa Kiwanjani hakukuwa na boma, kwa hiyo alikuwa akiuendea mlango. Mama yake Halima, aliyebaki kule Korbesa, alikuwa ameolewa na mtu asiyelala. Na chanzo chake kilikuwa ile ndege.

Ndege ile ilipopandishwa nchi kavu kuoshwa, maji yaliyovuja ndani yalimwagwa kwa kufungua vizibo vya chini ya tumbo. Kabla ya kurudishwa majini, kila kizibo kilikazwa kwa spana. Kazi hiyo ilikuwa ya Galgalo. Asubuhi moja akiwa chini ya mkia, kwenye kizibo cha mwisho, waliokuwa wakishika kamba wakamwita kwa makelele aje kusaidia kuiteremsha. Akaenda. Ndege ikaelea, ikaruka, ikaenda doria, haikurudi. Watu wote waliokuwa ndani hawakurudi. Na Galgalo hakuweza kukumbuka kama alikuwa amekikaza kile kizibo kabla ya kwenda kwenye kamba, au alikiacha.

Basi nikaujua wasiwasi wa kweli, nikaona wangu ni wa kuchezea.

Mzee alipokuja jioni nilijaribu kumtuliza. "Mzee, kama kizibo kingekuwa wazi, ndege ingejaa maji palepale ukiiona."

"Kizibo ambayo haijakazwa na spana haitoki hapo, Fundi. Inatoka huko mbali, wakishuka, ikipigwa na mawimbi."

Alikuwa ameshayafikiria yote. Hakuna neno la faraja nililomletea ambalo yeye hakuwa ameshalijaribu miaka na miaka na kuliona haliingii. Nikamwuliza kipande cha mbao kitamsaidia nini.

"Kichwa yangu inadanganya," akasema. "Siku ingine inasema nilifunga, siku ingine inasema sikufunga. Lakini mkono ilifanya hiyo kazi kila asubuhi. Nipe hiyo tumbo nishike vile nilikuwa nashika. Mkono itasema."

Kama fundi, nilimwelewa. Mimi mwenyewe sikumbuki nikiichukua patasi, ila mkono unajua iko wapi. Lakini je, mkono wake ukisema hakufunga? Nilikuwa nimeambiwa nitengeneze ndege, kumbe natengeneza mahakama. Kila nilipokosea kidogo nilijiona ninamtia mzee hatiani kwa uzembe wangu. Nikapata wazo ambalo mnaweza kulipata na nyinyi: kizibo cha mwisho nikigundishe kabisa, kisifunguke, mzee akikishika akute kimekazwa, yaishe. Nilimwambia Mama Kendi.

"Ukimdanganya kipofu, utalala?" akaniuliza.

"Silali hata sasa."

"Basi kosa usingizi kwa haki."

Nikaacha kifunguke. Na shida ya vizibo haikuishia hapo. Nilipovitengeneza kwa kipimo cha vidole viwili vilitoka vidogo kama dengu, na vidole vya mzee, vilivyoshika kamba za ngamia maisha yake yote, havikuvipata. Nikavunja sheria yangu niliyowaambia sasa hivi. Nikang'oa skrubu za shaba kwenye karabai mbovu, zenye vichwa vya kushika kwa vidole, nikazitia hizo. Kipimo ni kizuri, lakini kazi ni ya mwenye kuitumia.

Tumbo la pili halikuwa la mbao za Meru. Halima alipata kwa jamaa zake gogo la ule mti laini ambao Waborana huchongea vyombo vya maziwa, lililokuwa limekaa juu ya paa lao mpaka likasahauliwa. Nililigonga. Ko. Nikakaribia kulibusu. Halima akanionya nisiliache limejaa. "Chombo haipasuki kwa sababu haina moyo," akasema. "Moyo ndio inapasua mti." Nikalikomba ndani kwa tezo, kisha kwa patasi iliyopinda, mpaka unene wa kuta ukabaki sawa na urefu wa ukucha wa dole gumba. Kila nilipopiga patasi nilisubiri ule mlio wa risasi. Haukuja. Bawa nikalilowesha, nikalinyoosha kwa mawe, nikalifunga ngozi mpya, legevu, kama nilivyofundishwa. Nikatumia gundi ya kuchemsha, iliyonuka mpaka majirani wakauliza ni mnyama gani amefia kwangu. Nyinyi mna gundi ya chupa, nyeupe kama maziwa, haina harufu. Shukuruni.

Siku ya siku, hewa ilikuwa inanuka mvua. Lori la kwenda Korbesa lilikuwa sokoni likipakia unga na sukari, na dereva alikuwa ameanza kupiga honi. Mzee hakutaka ndege iwekwe mezani. Alitaka iwe juu, naye chini, kama zamani. Nikaiweka juu ya viunzi viwili, yeye akachuchumaa sakafuni juu ya maranda ya mbao, akanyoosha mikono.

Alianzia puani. Alipapasa tumbo lote kwanza, kwa viganja, kama mtu anayemkagua ndama. "Ndiyo," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akashika kizibo cha kwanza, akakifungua, akakifunga, akakikaza. Akasogea kwa makalio. Cha pili. Akasogea. Mikono ilikuwa imekuwa ya kijana. Haikutafuta kitu, ilifika tu. Halima alikuwa amesimama mlangoni ameuma ncha ya mtandio.

Akafika kwenye kizibo cha mwisho, chini ya mkia. Akakifungua. Akakirudisha. Vidole vikakishika, vikaanza kuzungusha, vikasimama. Vikazungusha tena. Vikasimama. Nje honi ikalia. Jasho lilimtiririka mzee mpaka kwenye ndevu. Mwishowe mikono ikashuka ikalala magotini.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Mkono imenyamaza."

"Aba, jaribu tena."

"Imenyamaza, Halima. Twende, lori isituache."

Nilitamani sakafu inimeze. Mzee akaanza kuinuka, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukipita chini ya tumbo la ndege. Na pale alipokuwa akitoka, bila kufikiri, konzi yake ikagonga mbao mara mbili.

Ko, ko.

Tumbo lile lilikuwa tupu, kavu. Liliitika. Sauti ilizunguka ndani yake, kisha ikaisha.

Mzee Galgalo akabaki ameinama vilevile, nusu amechuchumaa, nusu amesimama. Akagonga tena. Ko, ko.

"Halima," akasema. "Nilikuwa nagonga."

"Ulikuwa unagonga nini, Aba?"

"Nikimaliza kizibo ya mwisho. Huko ndani kulikuwa na Mzungu, kijana, kazi yake ni kulala ndani ya tumbo ya ndege na taa, kuangalia kama inavuja, na kushika kila kizibo kama imekaza. Mimi nagonga, namwambia nimemaliza. Yeye akishika akaona ni sawa, ananigongea. Mimi sitoki hapa chini kabla hajanigongea." Alikuwa akisema haraka, maneno yanakanyagana. "Mimi sitoki!"

Halima ndiye aliyeuliza. "Na siku ile?"

Akaweka sikio kwenye tumbo la ndege. Honi ililia tena na hakuna aliyejali.

"Siku ile wale wa kamba waliniita. Wakaniita tena, wametukana. Niliwaambia ngoja." Akapapasa mbao. "Kwa nini niliwaambia ngoja? Mimi nilikuwa namngoja yeye." Uso wake ulifunguka, sijui niseme vipi, ulifunguka tu. "Akanigongea. Siku zote mara mbili. Siku ile mara tatu, alikuwa ananitania, kwa sababu wenzangu wananitukana na yeye anasikia. Alinigongea mara tatu, Halima. Nikaenda."

"Basi ilikuwa imekaza," Halima akasema.

"Ilikuwa imekaza. Maskini, aliishika mwenyewe."

Akajifunika uso kwa shuka, akalia kwa sauti. Halima akalia. Mimi nililia mpaka nikapangusa pua kwa msasa, na ngozi ya pua ilichukua siku kadhaa kupona.

Tuliifunga ndege kwa blanketi, tukaipandisha juu ya magunia ya unga, mzee akaketi kando yake ameishika kama mtu anayesafiri na mgonjwa wake. Lori lilipoondoka nikakumbuka kwamba sikuwa na hakika kama gundi ya mkia ilikuwa imekauka. Nilikimbia nyuma ya lori mpaka nje ya soko, nikipiga kelele, "Msishike mkia! Msishike mkia!" Watu wa Isiolo walinikumbusha maneno hayo kwa miaka mingi.

Baadaye sana mwalimu mmoja alinionyesha picha ya ndege za namna ile. Bawa nilikuwa nimelipata. Mkia wangu ulikuwa mnene kama wa kondoo wetu wa hapa, aibu tupu. Nilitafuta vizibo, lakini picha ilipigwa kwa juu. Kwa hiyo sina wa kuniambia kama mzee alikumbuka kweli, au mbao tupu ndiyo iliyomwitikia akasikia alichokuwa akikililia. Nimeliwaza jambo hili nikipiga randa na nikinywa chai. Na huwaza pia kwamba lile tumbo la kwanza lisingepasuka, lingekwenda kwake limejaa, lingesema dup, naye angepanda lori na mzigo wake vilevile. Hapo jasho hunitoka upya.

Halima alirudi kuuza maziwa mvua zilipokwisha. Sikumwuliza habari za ndege, niliogopa. Aliniambia mwenyewe, huku akinipimia maziwa.

"Siku ile tulifika, Aba alishika njia mpaka kwa boma. Akafunga lango. Akagonga ile nguzo mara mbili, akaenda kulala. Hakutoka tena mpaka alfajiri. Mama ndio alikaa macho usiku yote, anangoja aamke. Alikuwa amezoea."

Na hivyo ndivyo mzee alivyoishi mpaka Mungu alipomchukua, kiangazi kilichofuata. Alifunga lango mara moja kila jioni.

Mimi bado natikisa kufuli, siwezi kuwadanganya. Lakini tangu wakati ule nikishaitikisa hugonga mlango wa karakana mara mbili, na Mama Kendi, aliye jikoni nyuma ya ukuta, huinua mwiko akagonga sufuria. Wateja walidhani ananiita chakula. Siku akichelewa kujibu, mimi siondoki. Nasimama palepale na ufunguo mkononi, nangoja.